Sura ya mheshimiwa kwenye tangi la maji

Mjini Dublin, Ireland, katika maktaba ya Chester Beatty, kuna picha ndogo ya rangi ambayo ningependa kila anayetaka kiti Migori au Homa Bay, Kenya, aitazame kabla ya kunijia na kazi ya mabango. Ilichorwa India yapata mwaka 1616 na Abu'l Hasan, mchoraji wa ikulu ya mfalme Jahangir wa dola la Mughal. Mfalme amesimama juu ya tufe la dunia, tufe limekaa juu ya fahali, fahali juu ya samaki. Ameuvuta upinde. Mbele yake kichwa cha mtu mweusi kimetungikwa kwenye mkuki, mshale umekipenya kinywani, na juu yake ametua bundi. Nadhani bundi huyo hahitaji mkalimani huku kwetu.

Kichwa hicho ni cha Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia yapata 1548, akauzwa utumwani akiwa mdogo, akapitia Baghdad, akafikishwa kwenye nyanda za Deccan nchini India. Huko alipanda kutoka mtumwa hadi askari, kutoka askari hadi kuwa mwenye neno la mwisho katika dola la Ahmadnagar, sultani akibaki na jina tu. Majeshi ya Mughal yaliyotumwa kumtia adabu aliyasumbua mwaka baada ya mwaka kwa vita vya kuvizia. Jahangir hakumkata kichwa. Hakumkamata hata siku moja. Ambar alifariki mwaka 1626 akiwa na umri wa karibu miaka 80, kichwa kikiwa mahali pake, na mfalme akamfuata mwaka uliofuata. Vita ambavyo jeshi lilishindwa kuvimaliza vilimalizwa na brashi.

Nasema haya kama fundi. Nachora na kuchapisha mabango mjini Migori. Nilianza kwa brashi na rangi ya mafuta, nikiandika majina ya maduka ya nafaka na kuchora mitindo ya nywele kwenye mbao za vinyozi. Siku hizi kazi kubwa iko kwenye kompyuta na mashine ya kuchapishia turubai. Wateja wangu wanatoka Isebania hadi Mbita, na wanaolipa haraka kuliko wote ni wanasiasa, ilimradi ni kabla ya kura kuhesabiwa. Sanaa ya ikulu za India niliijulia kwenye kalenda. Mzee Mhindi tuliyekuwa tukinunua rangi kwake aligawa kalenda kila mwisho wa mwaka, na mwaka mmoja, badala ya miungu yao, zikaja picha za wafalme. Nilizitazama kwa jicho la kazi. Fundi huyu ameupataje mwanga wa dhahabu kuzunguka kichwa bila kuharibu rangi ya uso? Kwa nini mtu huyu ni mkubwa kuliko mwenzake aliyesimama karibu zaidi na mtazamaji? Sasa majumba ya makumbusho yameziweka kwenye intaneti, na kwa vidole viwili unaivuta picha mpaka unahesabu nywele za ndevu.

Ninayoipenda zaidi iko Washington. Ni kazi ya Bichitr, ya kati ya 1615 na 1618 hivi. Jahangir ameketi juu ya kiti chenye umbo la saa ya mchanga, nyuma ya kichwa chake kuna duara kubwa la jua na mwezi. Vitoto vyenye mabawa vinaandika kwenye kiti hicho dua ya kumtakia utawala wa miaka elfu. (Alitawala 22.) Upande wa kushoto wamepangwa watu wanne, mmoja chini ya mwingine. Juu kabisa ni shehe wa Kisufi mwenye ndevu nyeupe, anayepewa kitabu na mfalme. Anakipokea kwa shali yake, mkono usigusane na mkono. Chini ya shehe, sultani wa Kituruki. Chini ya sultani, mfalme James wa Kwanza wa Uingereza. Na kwenye pembe ya chini, mchoraji mwenyewe, amevaa kanzu ya manjano, ameshika kijipicha ambacho ndani yake anaonekana tena, akiinama.

Huyo James hakuwahi kukanyaga India. Sura yake imenakiliwa kutoka picha ya Kiingereza, ya aina ambayo wajumbe kama Thomas Roe, aliyetua huko mwaka 1615, walikuja nazo kutukuza jina la bwana wao. Bichitr akaichukua sura hiyo, akaipunguza, akaipachika chini ya Mturuki na chini ya mzee asiye na askari hata mmoja. Mimi hufanya kazi iyo hiyo kila msimu wa kampeni. Naletewa picha kumi kwenye WhatsApp, naambiwa nani akae bega kwa bega na kinara wa chama, nani apunguzwe afike kifuani, nani aondolewe kabisa. Watu ambao hawajawahi kukutana wameshikana mikono kwenye kompyuta yangu.

Jina lake Bichitr aliliandika wapi? Kwenye kigoda cha kukanyagia miguu ya mfalme. Wasomi huuona hapo unyenyekevu, na sina ugomvi nao. Lakini fundi yeyote anajua kwamba jicho la mtazamaji likishamaliza kushangaa uso wa mkubwa huteremka hadi miguuni. Nambari yangu ya simu huwa naiweka hapo hapo, kwa herufi ndogo, karibu na viatu vya mheshimiwa.

Shah Jahan, mwana na mrithi wa Jahangir, aliandikiwa na kuchorewa kitabu cha utawala wake, Padshahnama. Leo kiko Windsor, Uingereza. Mtawala wa Awadh alikituma kama zawadi kwa mfalme George wa Tatu mwaka 1799. Kurasa za baraza katika kitabu hicho ningezitundika katika kila bunge la kaunti. Mfalme yuko juu kwenye roshani, uso umegeuzwa upande, mwanga umezunguka kichwa. Chini yake wakuu wamesimama safu kwa safu, mikono imetulia, kimya unakisikia. Kila mmoja ana pua yake na macho yake, maana picha hizo zilikuwa pia kumbukumbu ya nani alihudhuria na alisimama wapi. Tangu enzi za Akbar, babu yake Shah Jahan, kila mkubwa alikuwa na daraja lenye nambari, kuanzia 10 hadi 10,000, na nambari hiyo ndiyo iliyoamua mshahara wake na wapanda farasi aliopaswa kuwaweka. Pahali pa kusimama palikuwa hesabu. Mchoraji asingeweza kumsogeza mtu hatua mbili kwa sababu tu ukurasa ulihitaji nafasi ya ua.

Anayedhani mambo hayo yaliishia India hajahudhuria mazishi ya mtu mashuhuri Ndhiwa au Uriri. Hema la kwanza lina viti vilivyovishwa kitambaa cheupe, meza yenye chupa za maji, na zulia, bajeti ikiruhusu. Hema la pili ni viti vya plastiki vitupu. La tatu ni kivuli cha mwembe. Mshereheshaji ameshika karatasi ya itifaki, nayo anaiogopa kuliko anavyomwogopa padri: diwani, mbunge, seneta, gavana, na akiwepo mgeni mzito kutoka Nairobi, yeye ndiye wa mwisho, kwa sababu mkubwa hazungumzi kisha akasubiri wengine. Nimewahi kuona mazishi yakikwama kwa sababu diwani mmoja alikaribishwa baada ya mtu aliyemwona wa chini yake. Wakanong'ona, wakasogea kando, wakarudi. Marehemu alisubiri. Na ukitaka kujua nani ameanguka machoni pa mkubwa, usisumbuke na hotuba, tazama kiti alichopewa ukilinganishe na cha mwaka uliopita.

Kisha picha za siku hiyo zinafika kwangu. "Fundi, huyu wa nyuma mtoe." Huyu wa nyuma ni nani? Mara nyingi ni mama aliyekuwa akipitisha sahani, au kijana aliyeshika kipaza sauti, au, imenitokea, mwenye boma lenyewe. Namtoa; ni kazi, na karo ya watoto hailipwi kwa msimamo. Agizo la pili huja kwa sauti ya chini zaidi. "Na mng'arishe kidogo." Mheshimiwa aliyezaliwa mweusi wa kupendeza pale Karungu anatoka kwenye mashine yangu akiwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo huwakumbuka mafundi wa Mughal kwa wivu. Katika jumba la Victoria and Albert, London, kuna picha nyingine ya Malik Ambar, inayohesabiwa kuwa ya Hashim, ambaye naye alifanya kazi kwa Wamughal. Ni mzee mwenye mwili, mavazi meupe, upanga mrefu, ngozi nyeusi kama Mungu alivyompa, heshima tele, hakuna kejeli. Adui wa mfalme alichorwa kwa haki kuliko tunavyowachora viongozi wetu wenyewe.

Sitaki mtu aseme kwamba ubwana tumeletewa na wageni. Panda hadi Thimlich Ohinga, hapa hapa Migori, uone. Kuta zile za mawe makavu, bila tope wala saruji, zinakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na UNESCO ikaziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuna mahali zinafika zaidi ya mita nne kwenda juu. Milango ni mifupi: uwe nani, unaingia umeinama. Wajaluo hawakuwa na mchoraji wa ikulu kwa sababu hawakuwa na ikulu, lakini cheo kilichorwa ardhini. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazama lango, ya nyachira, mke wa pili, kando yake, simba, yaani vibanda vya wana, kule chini karibu na lango. Mgeni akiingia bomani anasoma nani ni nani kabla hajasalimiwa. Mzee wa heshima alijulikana kwa manyoya ya mbuni kichwani na orengo, yaani usinga, mkononi. Tofauti ninayoiona ni kwamba gharama ya manyoya hayo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Picha ya mtawala ukutani ni jambo jingine, na hiyo wazee wa rika langu tunaijua vizuri. Miaka 24 ya rais Moi, duka lisilo na picha yake lilijitafutia maswali. Kwa yule mzee Mhindi wa rangi picha ya rais ilitundikwa juu kuliko ya Lakshmi, na hakuhitaji kueleza sababu. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 1972, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Hapa Kenya sheria ya leseni za biashara ya 1967 ilikuwa imekwisha kuwapunguza katika miji midogo kama Kendu Bay na Homa Bay. Fremu ile ilikuwa bima. Nilikuwa kijana, nikadhani ni upendo.

Walioandika katiba ya 2010 walikumbuka hayo yote walipofika kwenye pesa. Kifungu cha 231 kinasema noti na sarafu zinaweza kuonyesha Kenya au jambo la Kenya, lakini si sura ya mtu yeyote. Jahangir asingetuelewa, yeye alitengeneza sarafu za dhahabu zenye sura yake, nyingine akiwa ameshika kikombe cha mvinyo, jambo ambalo mashehe hawakulifurahia. Sisi tulitoka kwa Kenyatta, tukaenda kwa Moi, na hata Kibaki, mwaka 2003, alipata sarafu yake ya shilingi 40. Tangu Desemba 2018 tuna twiga, kifaru, simba na ndovu. Noti za 2019 zilipotoka zikiwa na jengo la KICC na sanamu ya Mzee Kenyatta mbele yake, kuna waliokwenda mahakamani wakisema sura imepenyezwa kwa mlango wa nyuma. Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo. Mimi kama fundi nawaunga mkono walioshtaki: sanamu haikujileta yenyewe kwenye picha, mtu alichagua pembe ya kusimama.

Basi ninachouliza ni hiki. Ikiwa uso wa mtu haufai kwenye shilingi, kwa nini unafaa kwenye kitu kilichonunuliwa kwa shilingi hiyo? Zunguka kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay. Tangi la maji la shule lina uso. Ambulensi ina uso, ubavuni, ukitabasamu huku mgonjwa akilia ndani. Hundi ya mfano ya basari, ile kubwa kama mlango, ina uso mkubwa kuliko tarakimu. Vyoo vya soko, Mungu wangu, vina uso. Nyingine nimechapisha mimi, na pesa yake nimekula. Mjane wa Nyatike anayechota maji kwenye tangi lile analipa kodi kila anaponunua sabuni, lakini kila asubuhi anakumbushwa na turubai kwamba kuna mtu wa kushukuriwa. Hapo ndipo turubai yangu inafanya kazi iliyofanywa na picha ya Abu'l Hasan: inatangaza ushindi ambao haukutokea. Mheshimiwa hakununua tangi. Alikuwapo tu lilipozinduliwa.

Nimeyasikia majibu. La kwanza ni kwamba wananchi wana haki ya kujua nani amewafanyia kazi. Wana haki hiyo, na ubao wa mradi upo tayari kwa ajili hiyo: jina la mradi, gharama, mkandarasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ni ubao mdogo, wa rangi mbili, na katika miaka yangu yote sijaona mwanasiasa akiniharakisha niumalize. Gharama ikiandikwa kwa herufi za futi moja pale pa uso, wananchi watajua mengi sana.

Jibu la pili ni zito, na nililipata kwa mwalimu wa kike kutoka Rachuonyo aliyekuja kuchapisha vyeti. Aliniambia, "Mzee wangu, wasichana wangu wanahitaji kuziona hizo picha." Alikuwa anamzungumzia Gladys Wanga, aliyechaguliwa Agosti 2022 kuwa gavana wa kwanza mwanamke wa Homa Bay. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya Nur Jahan, mke wa Jahangir, ambayo nayo ni ya Abu'l Hasan: malkia amesimama peke yake na bunduki, anaisukumia baruti, mikono ya mtu anayejua anachofanya. Wanawake wengi wa ikulu ile hawakuchorwa kwa sura zao; huyu alichorwa, na sarafu zikapigwa kwa jina lake. Yule mwalimu aliiomba picha hiyo, nikamtumia. Kwa hiyo nakubali kwamba picha ya mwenye mamlaka inaweza kumfungulia mtu mlango. Itundikwe afisini, darasani, gazetini, kwenye jumba la kumbukumbu la Tom Mboya pale Rusinga kama itapatikana nafasi. Msichana wa Rachuonyo hahitaji kuiona kwenye ubavu wa ambulensi.

La tatu ni la wenzangu wa kazi, nalo ndilo lenye njaa ndani yake: tutakula nini? Nawajibu kwamba karakana za Mughal zililipwa na hazina ya mfalme, na mfalme hakujifanya kwamba ni vinginevyo. Mwanasiasa anayetaka uso wake barabarani aje na pesa zake, nami nitamtengenezea uso wa kumpendeza mama mkwe. Bango la kampeni ni haki yake. Ninalolikataa ni bango la kampeni linalojiita mradi. Biashara haitakufa, na pengine tutarudi kwenye kazi yenye ustadi. Maana ukweli mchungu ni kwamba Bichitr aliacha kitu ambacho watu wanakitazama baada ya miaka 400, na turubai zangu za 2022 zimefunika mabanda ya kuku kote Suna.

Bunge la kaunti la Migori na lile la Homa Bay yana uwezo wa kulitunga hili kuwa sheria bila kusubiri Nairobi, kifungu kimoja tu, kwa lugha ile ile ya 231: mali iliyonunuliwa kwa pesa za umma isibebe sura ya mtu yeyote. Najua madiwani hawatalikimbilia. Mwaka 2014 Bunge la kitaifa lilipata muda wa kurekebisha sheria ili kuamua nani apeperushe bendera kwenye gari na nani asipeperushe. Alama za ukubwa hazijawahi kukosa nafasi kwenye ratiba.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na maulizo ya bei yameshaanza kuingia kwenye simu yangu. Nimebandika karatasi juu ya mashine yenye swali moja ambalo mteja atalijibu kabla sijafungua kompyuta: hii inalipwa na wewe au na kaunti? Wa kwanza aliyeisoma alicheka, akasema atapeleka kazi Kisii. Aende salama. Kisii ni mbali kidogo, na mafuta ya gari analipa nani?